Mara Saba, Moja kwa Udongo

Kama unasomewa haya kwa sababu macho yako yamekukimbia juzi tu, mwambie anayekusomea aende polepole na asiruke mahali. Wanaowasomea vipofu wana tabia ya kuruka. Binti yangu aliwahi kuruka ukurasa mzima wa barua yangu ya hospitali, akidhani ananihurumia. Nilijua kwa sababu alivuta pumzi mahali ambapo sentensi ilikuwa haijaisha.

Mie naitwa Zuwena. Nimezaliwa Unguja, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikamfuata mume wangu Seif hapa Alexandria, Virginia, Marekani, wakati binti yetu Nasra anatambaa. Mie ni mtu wa ndani. Wenzetu wakifanya harusi kule Oxon Hill, nilikuwa natuma mikate ya kumimina na salamu, mwenyewe nabaki na jiko langu. Nimeugua mafua ya uongo mara nyingi kuliko ya kweli. Ungemtafuta mtu ambaye upofu ungemfungia ndani naye akashukuru, ungebisha hodi kwangu. Kumbe kupenda kukaa ndani na kushindwa kutoka ni mambo mawili, na hayaamkiani.

Ugonjwa ulianza na kitana. Nikichana nywele, ngozi ya kichwa inauma kama nimechomwa. Halafu taya: nikitafuna nyama, linachoka, linauma, natua kijiko kama ajuza. Nikalaumu jino. Jino la watu, maskini, lilikuwa halina kosa. Nikahamia uji.

Majani yalikuwa yameanza kuanguka. Asubuhi moja nimesimama kwenye sinki naosha vyombo, jicho la kulia likafunikwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu anapandisha pazia. Halikuuma. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba halikuuma hata kidogo. Nikafuta miwani. Nikamaliza vyombo. Kisha nikakaa kitini kumsubiri Seif arudi kutoka kazini saa nane mchana, kwa kuwa sikutaka kusumbua watu. Wewe usifanye hivyo. Kitana kikikuuma na taya likichoka, nenda siku ile ile, na uwaambie neno "macho" kabla hujaambiwa ukae usubiri.

Tulisubiri hospitalini. Viti vya plastiki, runinga inayojisemea peke yake, mama mmoja pembeni yangu anapindapinda mfuko wa karatasi. Mimi na jicho langu la kushoto tukaangalia saa ya ukutani. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya baridi. Alisema mishipa ya damu ya kichwani imevimba, na kilichochukua jicho moja kinaweza kurudi kuchukua la pili. Alilisema taratibu, kama mtu anayekuonya kuwa mlango wa nyuma hauna kufuli.

Wakanitundikia dripu. Kwa siku tisa nililinda lile jicho kama maziwa jikoni. Nilitazama vitu nisivyowahi kuvitazama: kidoa kwenye shingo ya Seif, vyuma vya meno vya Nasra, mfuniko wa sufuria ya wali. Siku ya tisa ilikuwa Jumapili, Seif hakwenda kazini. Niliamka nikamwambia awashe taa, kumekucha au bado?

Nikasikia swichi. Ikalia tena. Na tena.

"Imewaka," akasema.

Majira ya baridi yale nayakumbuka kwa vidonge. Kila asubuhi vidonge vyeupe, vidogo, vya kumzuia mgonjwa asife na kumzuia pia asifanane na mtu. Uso ukanivimba. Mikono ikatetemeka. Vinyweleo vikaniota kidevuni, nikapata ndevu kumshinda Seif. Njaa, usiniulize, nilikuwa nakula chakula cha mchana huku naulizia cha jioni. Nasra anaelewa Kiswahili chote ila ulimi wake hujibu kwa Kiingereza tu. Siku moja akanishika mashavu, akaniambia kwa Kiingereza chake kuwa nimekuwa emoji, vile viuso vya duara vya kwenye simu.

"Ya kucheka au ya kulia?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ya usingizi," akasema, kwa Kiswahili. Tulicheka, halafu akakimbilia chumbani, nikasikia anafunga mlango ili asisikike.

Kwenye nyumba yetu kuna mlango mmoja wa kioo, wa kusukuma, wa kutokea roshani. Una gurudumu bovu. Ukifunguliwa unalia kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa habari mbaya. Zamani sikuusikia.

Machipuko yalipofika niliamua kukaanga samaki. Ncha ya kanga yangu ikashika moto. Niliusikia moto kabla ya kuuhisi. Seif, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu, aliuzima kwa viganja vyake. Hakunigombeza. Alinikalisha kitini, akafunga viganja kwa kitambaa, kisha mlango wa roshani ukalia. Dirisha la pembeni lilikuwa wazi kidogo. Watu wakimwona kipofu husahau kuwa ana masikio.

Alikuwa anazungumza na dada yangu Asha, kule Unguja, ambako saa ile watu walikuwa wamekwisha kula cha usiku.

"Shemeji, nitamleta... Siwezi kuwa kazini huku nawaza moto... Nasra atabaki, amalize shule... Nimempa mpaka mwisho wa mwaka. Akiweza kutoka mlangoni na kurudi mwenyewe, hata siku moja tu, basi sisemi tena. Lakini hataweza, shemeji. Hata alipokuwa na macho, alikuwa hatoki."

La mwisho ndilo lililoniuma zaidi, maana lilikuwa kweli.

Dada Asha ananipenda, na mapenzi yake nayajua. Angeniweka kitini, angenilisha kwa mkono wake, angeniletea wageni wa kunipa pole mpaka pole ziishe, na kisu nisingekishika tena maisha yangu. Nasra angekuwa sauti ndani ya simu. Nikakaa na ile habari kama mtu aliyemezeshwa jiwe. Seif akarudi ndani, akaniuliza kama nataka chai. Nikamwambia ndiyo, na tukanywa.

Mara mbili kwa wiki alikuwa anakuja Wambui, Mkenya wa Nyeri, kunisaidia nyumbani. Ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Na wewe mama, utakaa hapo kama gunia ya viazi mpaka lini?"

"Mpaka nichipue."

"Tafuta mbwa. Kuna shule inapeana mbwa wa kuongoza watu. Huyo anakutoa mpaka stesheni."

"Wambui, mimi Mwislamu wa Unguja. Mbwa akinigusa na pua yake mbichi, naosha mara saba, moja kwa udongo."

"Si uoshe? Maji iko. Udongo iko."

Nilicheka, lakini jioni nikamwambia Seif. Akampigia sheikh wetu, akaweka sauti ya simu juu ili nisikie mwenyewe nikikatazwa. Sheikh akauliza maswali mawili matatu, akasema haja ya kipofu ni haja. Mbwa akae mbali na mahali pa kusalia, na palipoguswa na majimaji yake paoshwe. Seif akamshukuru kwa sauti ya mtu aliyeibiwa sokoni.

Kwanza ilikuwa fimbo nyeupe. Kiangazi chote nilijifunza fimbo na mwalimu anayetembelea majumbani, nikigonga mapipa ya taka na kuyaomba radhi. Sipendezwi na maneno ya kutia moyo, kwa hiyo sikudanganyi: ni kazi ya kudhalilisha, na kuna siku utalia mbele ya pipa. Endelea. Shule ya mbwa hawakuchukui kama huijui njia yako mwenyewe. Mbwa hajui unakokwenda, anajua tu pa kukanyaga.

Septemba nikaenda shuleni, jimbo jingine, wiki tatu. Mie, ambaye nilikuwa sijalala nje ya nyumba yangu tangu nifike nchi hii! Wakanipa mbwa jike anayeitwa Olive. Kwa lugha yetu huyo ni Zaituni, na Zaituni ni shangazi yake Seif, tena yu hai na ana simu. Tukaliacha jina lilivyo.

Mwalimu wa pale alikuwa mama mtu mzima mwenye kikohozi. Siku ya mwisho alinishika mkono juu ya ule mshikio mgumu wa mkanda wa mbwa. Alisema mbwa huyu atakutii kwa kila jambo isipokuwa moja. Mbele kukiwa na hatari, atakukatalia. Wewe hutajua kwa nini, na utakasirika. "Siku utakayokuwa na hakika kuwa amekosea," akasema, "siku hiyo simama."

Nikaitikia kwa heshima. Moyoni nikasema, mbwa ni mbwa.

Nyumbani Seif alikuwa amejiandaa kama mtu anayengoja mafuriko. Chumba cha kusalia kilifungwa. Olive alipewa kona yake karibu na mlango, mkeka wake, bakuli lake. Na kwenye roshani pakawekwa ndoo yenye mfuniko: udongo. Seif alikwenda duka kubwa la vifaa vya nyumba akanunua mfuko mzima, maana kwenye ghorofa ya sita udongo utautoa wapi? Olive akigusa kitu kwa pua, Seif yuko juu yake: maji, maji, udongo, maji, anahesabu kwa sauti mpaka saba. Mguu wa kiti. Kiatu changu. Rimoti. Mara moja aliosha kibao cha mbuzi cha kukunia nazi ambacho Olive hakukigusa, alikitazama tu.

Siku ya tisa nilikuwa naosha kiganja changu. Nikakileta puani. Nikamkumbuka bibi yangu, na zizi lake.

"Nasra," nikaita, "hebu nisomee ule mfuko wa udongo. Usiruke."

Akasoma kwa Kiingereza, kila mstari, kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Alipofika katikati akasita. Udongo wa bustani, ulioboreshwa kwa mbolea ya samadi ya ng'ombe.

"Maana yake," Seif akasema polepole, "siku tisa..."

"Siku tisa, Baba Nasra, umetusafisha kwa mavi."

Nasra ndiye aliyeanza. Halafu mimi. Kisha nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu ile asubuhi ya swichi: Seif anacheka, anapiga paja, anakosa pumzi. Tulicheka mpaka Olive akaja kuona kuna nini, akamlamba Seif kiganja, na tukaanza upya kucheka.

Nikadhani yamekwisha. Kesho yake mlango wa roshani ukalia.

"Mwisho wa mwaka bado haujafika, shemeji... Ndiyo, mbwa yupo. Lakini mwenyewe bado hajatoka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natoka na mwalimu wa fimbo, au na Nasra akinifuata nyuma akijifanya hayupo. Peke yangu nilikuwa nafika kwenye lifti, nasikia milango inafunguka na ule upepo wa shimo lake unapanda, narudi ndani kuandika orodha ya visingizio. Novemba ikapita. Madaktari wakanipunguzia vidonge nusu, wakasema ugonjwa haujaondoka, umelala, tutoe damu tuone kama umegeuka ubavu. Kila asubuhi nilikuwa naamka natafuta kiungo kilichopotea usiku. Desemba ikaingia.

Nikachagua kwenda kazini kwa Seif. Anaegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja kule Crystal City. Kama ni kuonekana, nionwe na hakimu mwenyewe. Njia nilikuwa nimefundishwa: basi mpaka stesheni ya Van Dorn, treni vituo vitano, halafu kutembea. Asubuhi hiyo nilikaanga sambusa, nikazifunga, nikamsubiri Nasra aende shule. Nikamvisha Olive mkanda wake. Kwenye lifti nikasoma kila dua niliyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, na nyingine nadhani nilizitunga.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kwenye basi watu walihama viti kutupisha, na sikujua wanatuheshimu au wanatukwepa. Ndani ya treni nilihesabu vituo kwa vidole. Nikashuka. Olive alikwenda kwa mwendo wake wa mtu mwenye shughuli, tukakunja kulia, kushoto, na nikasikia kamba ya bendera inagonga mlingoti wake mbele ya hoteli, kama nilivyoambiwa. Zimebaki hatua ishirini. Kati yangu na mlango palibaki njia ya magari inayopanda kutoka gereji ya chini.

Olive akasimama.

"Mbele," nikamwambia, kwa Kiingereza chake.

Hakusogea. Nikasikiliza. Basi mbali huko. Kamba ya bendera. Hakuna injini, hakuna honi, hakuna mtu. Nikasema tena, mbele. Kimya. Nikajua ni sambusa. Anazinusa, anataka nikae hapa tuzile. Nikawaza mwisho wa mwaka. Nikawaza kiti cha dada Asha. Nilikuwa na hakika kabisa kuwa amekosea, na nilipokuwa na hakika hiyo sikumkumbuka yule mama wa kikohozi hata kidogo. Nikanyanyua mguu, nikasukuma mshikio.

Olive akageuka akakingama mbele yangu, akanigandamiza magoti kwa ubavu wake kwa nguvu zote. Nikayumba nyuma.

"Hata wewe!" nikamfokea.

Hewa mbele ya uso wangu ikasogea. Haikuwa na sauti. Ilikuwa upepo mzito tu, na harufu ya mpira wa tairi wenye joto, na kijiwe kimoja kikapasuka karibu na kidole changu cha mguu. Kisha kitu kikubwa kikasimama hapo hapo. Mlango ukafunguka.

"Zuwena?"

Alikuwa hajaniita jina hilo tangu Nasra azaliwe. Ni Mama Nasra, kila siku Mama Nasra.

Lilikuwa gari la mgeni, la umeme, yale yasiyonguruma. Seif alikuwa analipandisha kutoka chini, jua limempiga kwenye kioo.

"Sikukuona," alikuwa anasema. "Wallahi sikukuona. Nilimwona yeye. Nilimwona mbwa anajitupa."

Akapiga magoti pale pale kwenye lami. Nilisikia nguo za kazi zinasuguana na mkanda wa Olive, na Olive anamlamba uso mzima, macho, pua, mdomo, bila haraka. Mgeni akauliza kwa mbali kama gari lake liko tayari.

"Ngoja niombe ruhusa," Seif akasema. "Nakurudisha nyumbani."

"Hapana. Nusu bado."

"Nusu ya nini?"

"Kutoka mlangoni na kurudi."

Akaachia mkanda wa Olive.

"Ulisikia."

"Mimi kipofu, Baba Nasra. Masikio nilibakishiwa. Shika sambusa zako, zinapoa."

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Kila njia ya gari niliisikia inatambaa. Niliketi kwenye benchi la stesheni, nikapitwa na treni mbili. Olive aliniwekea kidevu juu ya kiatu, akangoja. Nilipotia ufunguo kwenye kitasa chetu sikufurahi. Nilikaa kitini na koti langu. Nilikuwa nimetoka na nimerudi, kama alivyotaka. Lakini pia nilikuwa nimempa mume wangu picha ya kuiona usiku na mchana: mke wake mbele ya gari, mguu wake mwenyewe juu ya breki. Kipi kingehesabiwa, safari au hiyo picha? Mtu mwenye hofu hana hesabu. Angeniweka kwenye ndege kesho, na nisingeweza kumlaumu.

Saa nane ufunguo ukazunguka. Akatoa salamu kwa sauti ya chini, nikaitikia. Hakuja kitini. Akaenda bafuni.

Bomba likafunguliwa, likafungwa. Moja. Nikawa nahesabu naye, kimoyomoyo. Mbili. Kwenye ya tatu nikasikia mfuniko wa ndoo. Siku hizi ndoo inakaa bafuni, tena tunaweka mchanga mtupu wa kujengea, Nasra ameusoma mfuko mara mbili. Nne. Tano. Alikuwa anaosha uso, nadhani, maana alikuwa anakohoa maji. Sita. Saba.

Akatoka. Akapita mbele yangu. Mlango wa roshani ukasafisha koo lake.

Nikangoja usikike ukifungwa, kama siku zote. Haukufungwa. Baridi ikaingia sebuleni ikanipanda miguuni, na Olive akainua kichwa. Seif aliuacha wazi, makusudi, na simu ikaanza kuita.

"Shemeji," akasema. "Haji."

Dada Asha akasema kitu kirefu.

"Ndiyo. Katoka, karudi... Hapana, mwenyewe... Hapana, siendelei kungoja mwisho wa mwaka." Akasita, akapenga pua. "Sikiliza, shemeji. Hapo kwenu kuna mtu anayesafiri kuja huku? Nataka kitu... Udongo... Udongo, shemeji, wa ardhi, wa hapo uani kwako. Wa huku hauaminiki, nitakueleza siku nyingine."

Akasikiliza. Olive alikuwa amesimama, amekwenda mpaka kwenye kizingiti cha roshani, na kwa jinsi sauti ya Seif ilivyobadilika nilijua pua imekwisha fika kiganjani.

"La," akasema, "kidogo hautatosha. Huyu mbwa anakaa."